Rachel Carson, Mwanamke Aliyewatetea Ndege

Katika nchi za baridi mwaka umegawanyika katika majira manne. Wakati wa baridi kuu miti mingi hupukutisha majani ikabaki mitupu, maji ya maziwa huganda yakawa magumu kama jiwe, na ndege wengi huhama kwenda kutafuta joto, kama mbayuwayu wa Ulaya wanavyokuja kwetu Afrika kila mwaka. Baridi ikiisha, huja majira ya kuchipua. Miti huvaa majani mapya, ndege hurudi, na watu huamshwa alfajiri na sauti zao. Hapo kila mtu hujua ya kuwa mwaka umeanza kuwa mwema tena.

Sasa tutasoma habari za mwanamke aliyewataka watu wa nchi yake wafikiri jambo moja: itakuwaje majira hayo yakija, na miti ikachipua, walakini asisikike ndege hata mmoja? Wengi walimcheka na wengine wakamchukia. Lakini kwa sababu ya swali lake sheria za nchi yake ziligeuzwa, na ndege waliokuwa karibu kwisha wangali wakiruka hata leo.

1. Utoto wake

Rachel Louise Carson alizaliwa tarehe 27 Mei mwaka 1907 katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania, nchi ya Marekani. Alikuwa mtoto wa tatu, naye ndiye kitinda mimba. Baba yake, Robert, alikuwa na shamba la eka 65 hivi, lakini hakuwa mtu wa mali, na mara nyingi fedha zilikuwa haba nyumbani. Mama yake, Maria, alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa, naye alipenda sana vitabu na viumbe vya porini. Alikuwa akimshika binti yake mkono wakaenda mashambani na msituni, akamwonyesha viota, maua na wadudu, akamfundisha kutazama kwa saburi bila kuharibu.

Mambo mawili, basi, yaliingia moyoni mwa mtoto huyu tangu udogo wake: kupenda viumbe, na kupenda kuandika. Mwaka 1918, alipokuwa na umri wa miaka 11, gazeti moja la watoto lilichapisha hadithi yake. Tangu siku ile alikuwa na nia ya kuwa mwandishi.

Mwaka 1925 aliingia chuo cha wanawake katika mji wa Pittsburgh. Karo ilikuwa kubwa, hata mama yake akauza vyombo vya nyumbani vya thamani na kufundisha watu kinanda ili mtoto asome. Mwanzo Rachel alisoma lugha na uandishi. Walakini huko alikuwako mwalimu mmoja wa elimu ya viumbe, jina lake Mary Scott Skinker, aliyefundisha kwa bidii na akili nyingi. Rachel alipokaa darasani mwake aliona kama mlango umefunguliwa mbele yake. Akabadili masomo yake, akashika elimu ya viumbe. Rafiki zake walidhani ameuacha uandishi. Kumbe alikuwa amepata jambo la kuandika.

2. Bahari na kazi

Alimaliza chuo mwaka 1929 kwa sifa nyingi. Miezi ile ya kiangazi alikwenda Woods Hole, mahali penye chuo cha kuchungulia viumbe vya baharini, na huko akaiona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tangu hapo hakuacha kuipenda. Kisha akaingia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, akapata shahada yake ya pili mwaka 1932.

Miaka ile ilikuwa ya dhiki katika Marekani. Kazi zilikuwa chache, na watu wengi walipoteza mali zao. Rachel alitaka kuendelea na masomo ya juu zaidi, lakini hakuweza, kwa kuwa jamaa zake walimtegemea. Mwaka 1935 baba yake alifariki ghafula. Rachel akaenda kuomba kazi katika idara ya serikali iliyoangalia mambo ya uvuvi, akapewa kazi ya kuandika maneno ya kusomwa katika redio juu ya maisha ya samaki. Mwaka 1936 alifanya mtihani wa serikali akawashinda wenzake, akaajiriwa kuwa mtaalamu wa viumbe vya majini, kazi ambayo karibu wote walioifanya wakati ule walikuwa wanaume. Mwaka uliofuata dada yake akafariki, akaacha binti wawili. Rachel na mama yake wakawachukua wakawalea. Kwa hiyo mchana alifanya kazi ya serikali, na usiku, watu wengine walipokuwa wamelala, aliandika vitabu.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1941, vita vilipokuwa karibu kuifikia nchi yake, na watu wachache tu wakakinunua. Hakukata tamaa. Mwaka 1951 alitoa kitabu cha pili juu ya bahari, kiitwacho The Sea Around Us. Hiki kilipendwa mno. Kilifasiriwa katika lugha nyingi, na mwaka 1952 kikapata tuzo kubwa ya vitabu nchini Marekani. Sasa Rachel alipata fedha za kumtosha. Akaacha kazi ya serikali, akajenga nyumba ndogo kando ya bahari katika jimbo la Maine, akadhani ya kuwa miaka yake iliyobaki ataitumia kwa kuandika juu ya maji, kaa na samaki. Lakini mambo hayakuwa hivyo.

3. Dawa ya ajabu

Lazima sasa tueleze habari za dawa iitwayo D.D.T. Mwaka 1939 mtaalamu mmoja wa Uswisi, jina lake Paul Müller, aligundua ya kuwa dawa hii huua wadudu wa namna nyingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilifanya kazi njema sana. Katika mji wa Naples, nchi ya Italia, palizuka homa kali iletwayo na chawa. Watu walipopuliziwa unga wa D.D.T., chawa wakafa na maradhi yakakoma. Askari wengi waliepushwa na malaria kwa dawa hiyo. Mwaka 1948 Müller alipewa Tuzo ya Nobel, na watu waliona ya kuwa alistahili.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, dawa hiyo ilianza kuuzwa kwa kila mtu. Wakulima waliinyunyiza mashambani, wenye nyumba waliinyunyiza bustanini, na ndege za angani ziliimwaga juu ya misitu, mito na vijiji, bila wenyeji kuulizwa kama wanaitaka. Dawa nyingine zikafuata, na baadhi yake zilikuwa kali kuliko D.D.T. Watu walifurahi, maana waliona wadudu wakifa. Hawakutazama ni nani mwingine anayekufa pamoja nao.

Rachel alikuwa na shaka tangu mwanzo. Mwaka ule ule wa 1945 alitaka kuandika katika gazeti moja kubwa juu ya madhara ya D.D.T., lakini gazeti likakataa. Hata mwezi wa Januari mwaka 1958 akapata barua kutoka kwa rafiki yake aliyekaa katika jimbo la Massachusetts. Rafiki huyu alikuwa na mahali pake pa kuhifadhi ndege. Ndege ya angani ilikuwa imepita juu ya mahali pale ikimwaga dawa ya kuua mbu, na baadaye akaokota ndege wake wamekufa, midomo wazi na kucha zimekunjwa kifuani kwa maumivu. Aliandika akiuliza ni nani awezaye kuizuia kazi ile isifanywe tena.

Rachel alitafuta mtu wa kuandika juu ya jambo hilo, hakumpata. Ndipo alipoona ya kuwa sharti aandike mwenyewe.

4. Jinsi sumu inavyosafiri

Kwa miaka minne alikusanya ushahidi. Aliwaandikia wataalamu katika nchi nyingi, akasoma maandiko mengi, akauliza na kuuliza tena. Akaona ya kuwa habari nyingi zilikuwa zimekwisha julikana, lakini zilikuwa zimetawanyika: huyu alijua habari za samaki, yule za ndege, mwingine za udongo, kila mmoja alikuwa na kipande chake, na hapakuwa na mtu wa kuviunganisha vipande hivyo na kuwaeleza watu wote kwa maneno yanayofahamika. Tutazame mifano miwili katika ile aliyoikusanya.

Katika jimbo la California liko ziwa liitwalo Clear Lake. Watu waliokwenda huko kuvua na kupumzika walisumbuliwa na vijidudu virukavyo, vinavyofanana na mbu lakini haviumi. Ili kuviua, dawa iliyo ndugu yake D.D.T. ilitiwa ziwani mwaka 1949, ikatiwa tena mwaka 1954 na mwaka 1957. Waliofanya kazi hiyo walikuwa waangalifu: mara ya kwanza walitia sehemu moja tu ya dawa katika sehemu milioni 70 za maji. Nani angedhani ya kuwa kiasi kidogo namna hii chaweza kudhuru?

Lakini ziwani pale waliishi ndege waitwao vibisi, wazamiao majini na kula samaki. Baada ya dawa kutiwa mara ya pili, vibisi wakaanza kufa, zaidi ya mia moja kwa mara ya kwanza. Hapakuonekana ugonjwa wo wote. Wataalamu walipopima mafuta ya miili yao waliona sumu sehemu 1,600 katika kila sehemu milioni. Imewezekanaje? Sababu ni hii. Dawa hiyo haiyeyuki vizuri katika maji, bali huyeyuka katika mafuta, nayo haiharibiki upesi. Vijimea na vijidudu vidogo vya majini viliinyonya ikakaa ndani yao. Samaki wadogo walikula vijidudu hivyo maelfu kwa maelfu, na sumu ya vyote ikakusanyika ndani ya samaki. Samaki wakubwa walikula wadogo, na kibisi akala samaki. Kila hatua sumu iliongezeka, kama deni linalopokewa na mtu baada ya mtu, hata yule wa mwisho akalilipa lote. Hapo kwanza palikuwa na jozi zaidi ya elfu moja za vibisi waliojenga viota. Kufika mwaka 1960 zilibaki jozi 30 hivi, na hao nao hawakuonekana na makinda.

Mfano wa pili ni wa miti. Katika miji ya Marekani miti mikubwa iitwayo elm ilishikwa na maradhi yanayochukuliwa na mbawakawa wadogo. Ili kuwaua mbawakawa, miti ilinyunyizwa D.D.T. Katika kiwanja cha chuo kikuu kimoja cha jimbo la Michigan kazi hiyo ilianza mwaka 1954. Hapo waliishi ndege wengi wenye kifua chekundu waitwao robin, wanaopendwa na watu kwa kuwa kurudi kwao ndiyo dalili ya baridi kwisha. Ndege hawa hawali majani ya elm, wala hawali mbawakawa wale. Walakini wakaanza kutetemeka na kufa. Majani yenye sumu yalikuwa yameanguka chini. Nyungunyungu wa ardhini wakayala. Kisha robin wakala nyungunyungu. Nyungunyungu wakubwa 11 walitosha kumwua robin mmoja, na kiasi hicho ndege huyu huweza kukila kwa dakika chache tu. Profesa aliyekuwa akiwahesabu, jina lake George Wallace, alitafuta kinda wa robin katika kiwanja kile mwaka 1958, asimwone hata mmoja.

Tena Rachel alionyesha ya kuwa mara nyingi hata shabaha yenyewe haikupatikana. Katika kila kundi la wadudu wamo wachache ambao sumu haiwawezi. Wale dhaifu hufa, na wale wenye nguvu hubaki wakazaa, na watoto wao huwa kama wao. Basi mwaka baada ya mwaka mkulima huhitaji dawa nyingi zaidi au kali zaidi, na wakati huo ndege, buibui na nyigu waliokuwa wakimsaidia kwa kula wadudu wamekwisha kufa. Amewafukuza askari wake mwenyewe, akawaacha wezi.

5. Kitabu chaandikwa katika mateso

Kazi hiyo ilifanywa na mtu aliyekuwa na mizigo mingi. Mwaka 1957 mmoja wa wale binti aliowalea alifariki, akaacha mtoto wa kiume wa miaka mitano. Rachel, ambaye hakuolewa, akamchukua awe mwanawe. Mwishoni mwa mwaka 1958 mama yake, aliyekuwa rafiki yake mkuu tangu utoto, naye akafariki. Mwaka 1960 Rachel mwenyewe alipasuliwa kwa ajili ya saratani ya matiti, na baadaye maradhi yakaenea. Alitibiwa kwa miali yenye nguvu iliyomchosha sana. Viungo vilimwuma, na kwa muda macho yake yalishindwa kusoma, hata ikawa lazima msaidizi wake amsomee kwa sauti yale aliyokuwa ameandika.

Walakini hakuutangaza ugonjwa wake. Alijua ya kuwa, kama watu wangejua, adui zake wangesema ameandika kwa uchungu wa maradhi wala si kwa ukweli. Akanyamaza, akaandika.

Kitabu kilianza kutokea kwa sehemu katika gazeti la The New Yorker mwezi wa Juni mwaka 1962, kisha kikachapishwa chote tarehe 27 Septemba mwaka huo. Jina lake ni Silent Spring, maana yake majira ya kuchipua yaliyo kimya. Mwishoni mwake aliweka kurasa zaidi ya 50 za orodha ya maandiko aliyoyatumia, ili mtu ye yote aliye na shaka aende akahakikishe mwenyewe.

6. Mashindano

Kelele zilikuwa kubwa. Hata kabla ya kitabu kutoka, kampuni moja iliyotengeneza dawa ilitisha kuwashitaki wachapaji. Wachapaji wakakipitia tena kitabu, wakaona kina ushahidi, wakakitoa. Kampuni nyingine zikatumia fedha nyingi kumpinga. Wako waliosema ya kuwa si mtaalamu wa kweli kwa kuwa hakupata shahada ya udaktari. Wako waliosema ya kuwa ni mwanamke mwenye hofu tu, apendaye ndege na paka kuliko watu. Wako waliosema ya kuwa akifuatwa yeye, dunia itarudi kwenye njaa na maradhi.

Tuangalie vema, maana hapa wengi wamemkosea. Rachel hakusema kwamba dawa zote za kuua wadudu ziachwe. Alijua ya kuwa mbu huleta maradhi na nzige huleta njaa. Alichotaka ni hiki: dawa itumiwe kwa kiasi, mahali panapohitajika, na watu wanaojua matokeo yake, zitafutwe njia nyingine zisizodhuru, na mwananchi apewe habari ya sumu inayomwagwa juu ya nyumba yake, maana anayo haki ya kujua.

Naye hakuwajibu adui zake kwa matusi. Tarehe 3 Aprili mwaka 1963 alionekana katika televisheni, na mamilioni ya watu wakamtazama. Walikuwa wameambiwa ya kuwa ni mwanamke mwenye wazimu. Wakamwona mtu mtulivu, asemaye polepole na kupima kila neno. Rais John F. Kennedy alikuwa amekwisha kuwaagiza washauri wake wa elimu walichunguze jambo hilo. Taarifa yao ilitoka tarehe 15 Mei mwaka 1963, nayo ilikubaliana na Rachel katika mambo makubwa. Mwezi uliofuata aliitwa mbele ya Baraza la Seneti kutoa ushahidi. Wakati ule kutembea kwake kulikuwa kwa taabu, na nywele alizovaa hazikuwa zake. Lakini wazee wa baraza hawakujua ya kuwa waliyekuwa wakimsikiliza alikuwa karibu na kufa.

Rachel Carson alifariki tarehe 14 Aprili mwaka 1964, nyumbani kwake Silver Spring, katika jimbo la Maryland. Alikuwa na umri wa miaka 56, na mwanawe alikuwa na miaka 12. Mwezi ule ulikuwa wa majira ya kuchipua.

7. Matunda ya kazi yake

Hakuishi kuona mavuno. Mwaka 1967 mtaalamu wa Uingereza, jina lake Derek Ratcliffe, alitangaza jambo la ajabu. Alipima maganda ya mayai ya kozi yaliyokusanywa miaka mingi nyuma, akayalinganisha na mapya, akaona ya kuwa maganda yalianza kuwa membamba kwa ghafula katika miaka ile ile D.D.T. ilipoanza kutumiwa. Kozi akilalia mayai yake, yalivunjika chini ya uzito wa mama mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa tai mwenye kichwa cheupe, ambaye ndiye alama ya taifa la Marekani. Mwaka 1963 zilihesabiwa jozi 417 tu za tai huyo wenye viota katika majimbo yote ya nchi ile, Alaska ikiachwa.

Mwaka 1970 serikali ya Marekani iliunda idara maalum ya kulinda hewa, maji na ardhi, na mwaka 1972 idara hiyo ikakataza D.D.T. isitumiwe tena mashambani. Tai wakaanza kurudi polepole. Mwaka 2007 waliondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini, kwa kuwa jozi zao zilikuwa zimekaribia 10,000. Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter alimtunuku Rachel, aliyekuwa amekwisha kufa, nishani ya juu kabisa apewayo raia wa nchi ile.

Na sisi wa Afrika, ambao malaria ni adui yetu? Mwaka 2001 mataifa yalifanya mapatano katika mji wa Stockholm ya kukomesha sumu za namna hii, yakaanza kutumika mwaka 2004. Lakini yaliacha nafasi kwa nchi zenye malaria kuitumia D.D.T. kwa kupaka ndani ya kuta za nyumba, kwa uangalizi, mahali ambapo hakuna njia nyingine iliyo njema. Ndilo lile lile alilolitaka Rachel: dawa ishike mahali pake, isimwagwe ovyo. Tena lile onyo lake juu ya wadudu kuizoea dawa lilikuwa la kweli, kwani katika nchi nyingi mbu wamekwisha kuizoea, na dawa iliyotumiwa bila hesabu shambani huweza kuharibu nguvu ya dawa inayohitajika nyumbani.

8. Mafundisho kwetu

Msidhani, wasomaji, ya kuwa jambo hili limekwisha. Mwaka 2019 wataalamu wa mataifa mengi walitoa taarifa ya kuwa aina zipatazo milioni moja za wanyama na mimea zimo katika hatari ya kutoweka. Walitaja sababu kuu tano: kugeuza misitu, mabwawa na pwani kuwa mashamba na miji, kuwinda, kuvua na kukata kupita kiasi, kubadilika kwa hali ya hewa ya dunia, uchafu na sumu, na viumbe wageni wanaoletwa mahali pasipo pao. Sumu, basi, ni moja tu katika tano. Lakini zote zafanana katika hili, ya kuwa hufanya kazi kimya kimya. Mti mmoja ukikatwa, hatuoni hasara; kiota kimoja kikikosa makinda, hakuna alalamikaye. Mpaka siku moja twauliza ndege wamekwenda wapi, na jibu laja tumechelewa.

Rachel Carson hakuwa na jeshi, wala mali nyingi, wala cheo. Hakuwa hata mtu wa kwanza kujua ya kuwa ndege wanakufa. Waliojua walikuwa wengi. Yeye alifanya kazi ambayo wenzake hawakuifanya: alikusanya yaliyojulikana na wachache, akayapima, akayaeleza kwa maneno ambayo mama wa nyumbani na mkulima waweza kuyafahamu. Elimu iliyofungiwa kabatini haimwokoi kiumbe. Ikitoka nje ikaingia masikioni mwa watu wote, huwa na nguvu kuliko kampuni na kelele zake.

Nanyi mwaweza kuanza kazi hiyo kwa jambo dogo. Kesho amkeni alfajiri, msikilize. Andikeni katika daftari majina ya ndege wote mnaowasikia, kama mnavyowaita katika lugha za nyumbani kwenu. Kisha mwendeeni babu au bibi, mmwulize ni ndege gani walioimba hapo zamani alipokuwa kijana, ambao leo hawasikiki tena. Majina yao yaandikeni katika ukurasa wa pili, mkatafute sababu. Hivyo ndivyo Rachel Carson alivyoanza.